Safu Nane za Kusini

Katika nyumba ya Mwalimu, mbingu ilikaa mezani na watu walikula chini. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Walikuwa na meza moja tu, ya mbao nzito, chini ya dirisha la sebule, nayo ilifunikwa kona hadi kona na picha moja kubwa ya karatasi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe alitandika mkeka kando yake, akapakua maharagwe na ugali, na kila alipoinama kuweka sahani alisema maneno yale yale, kwa sauti ya kutosha kufika barabarani:

"Watoto wangu wanakula chini, mbingu inakula ku meza. Na haishibake!"

"Mama, ile haikulake kitu," Mwalimu alijibu. "Inakaa tu."

"Kama we."

Hapo ni Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, katika miaka ya vita. Jina lake sitalitaja. Wanafunzi wake watamtambua, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu. Alifundisha fizikia katika lise moja ya mjini, na mimi nilikuwa mtu wa maabara katika shule hiyo hiyo: niliosha chupa, nilipanga mizani, niliwasha taa za spiriti kabla wanafunzi hawajaingia. Masomo yangu yaliishia sekondari. Yake yaliishia wapi sijui, maana kila ulipodhani yameisha ulimkuta anaendelea.

Picha ile ilitoka Ulaya. Padri mmoja aliyemfundisha zamani alikuwa amerudi kwao, na huko alikuwa na rafiki katika kituo kikubwa cha kutazama nyota. Rafiki huyo ndiye aliyeituma. Ilipigwa kwa darubini kubwa kuliko nyumba, nayo ilikuwa ya kinyume, kama filamu kabla picha zake hazijachapwa: mbingu nyeupe, nyota nyeusi. Asiyejua angeona kitambaa ambacho mtu amekipigia chafya akiwa na pilipili manga mdomoni. Mwalimu alinifundisha kutofautisha. Nyota ni nukta kali yenye ukingo safi. Galaksi ni doa la kufifia, kama alama ya kidole chenye majivu, na kila doa la namna hiyo ni nyota zisizo na idadi, zilizo mbali mno hata zimekuwa moshi. Katikati ya picha madoa yale yalisongamana. Hilo ndilo lilikuwa kundi lenyewe, mamia ya galaksi zilizoshikana kwa uzito wao. Yeye aliliita kartie, kama tunavyoita mitaa ya mji wetu.

"Swali ni moja," aliniambia siku ya kwanza, kidole chake kikielea juu ya karatasi bila kuigusa. "Kartie inazaliwa namna gani? Nyumba kubwa inatangulia, ndogo zinakuja kuizunguka? Ao vijiji vidogo vidogo vinatembea, vinakutana, ndiyo vinakuwa kartie?"

"Galaksi zinatembea, Mwalimu?"

"Zinatembea. Polepole kuliko faili ku wizara, lakini zinatembea."

Ili kujua, ilibidi kuhesabu. Wapi ziko nyingi, wapi chache, wapi kikundi kidogo kimesimama pembeni kama wageni waliofika arusini mapema. Pembeni kukiwa na vikundi, basi kundi lile bado linakusanyika, na unaweza hata kuona wageni wanatokea upande gani. Kazi hiyo walikuwa wanaifanya wataalamu wa nchi kubwa kwa mashine. Mwalimu aliifanya kwa kioo cha fundi saa, kile kidude cheusi cha kubana kwenye tundu la jicho, alichopewa na fundi wa sokoni aliyeshindwa kurekebisha saa yake akaona aibu.

Watu walimuuliza kwa nini mtu wa nyota analala saa mbili.

"Ukilala chali inje saa ya kuvrefe, unaomba risasi," alisema. Kuvrefe ni ile amri ya kutotoka usiku, ambayo miaka ile tuliijua kuliko Baba Yetu. "Wazungu wamekesha, mi ninahesabu muchana. Tumegawana kazi."

Wengine walitaka kupata mafundisho. Mji wetu nao ulikuwa unapangwa upya: watu walihama kartie hii wakajazana katika kartie ile, kila mtu akitafuta wanaofanana naye. Mwalimu mwenzake, mtu wa historia, alisimama mbele ya picha, akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema kwamba hapo tunajiona wenyewe. Mwalimu alikasirika kama ametukaniwa binti.

"Apana! Galaksi hazikimbiake mutu. Usizisingizie."

Hakupenda mafumbo, lakini misemo alikuwa nayo, na alioupenda zaidi ni kwamba kuonekana pamoja si kuwa pamoja. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi nilihesabu kila doa lililosogea karibu na kundi. Akaniuliza kama nimewahi kupigwa picha Kajaga, pale ufukweni. Nikasema ndiyo. "Na milima ya Kongo ilikuwa wapi mu ile picha?" Nikakumbuka kwamba ilikuwa imekaa begani kwangu. "Basi," alisema. "Mulima ulivuka ziwa juu yako?"

Kanuni yake kubwa ilikuwa ya macho mawili. Alichora miraba kwa penseli kwenye karatasi inayopitisha mwanga, akailaza juu ya picha: safu kumi na sita, kutoka kaskazini juu hadi kusini chini. Kila mraba ulihesabiwa na watu wawili ambao hawakuona namba za mwenzao. Yeye alihesabu Jumamosi asubuhi, kioo jicho la kulia, akaandika namba zake kwenye kipande cha karatasi na kukitia katika kopo la maziwa juu ya kabati. Mimi nilifika mchana kutoka Cibitoke, upande wa pili wa mji, kaskazini. Aliniachia meza, akaenda kwa jirani kucheza igisoro, ule mchezo wetu wa mashimo na kete. Mwisho wa mwezi alifungua kopo na kulinganisha. Namba zikikaribiana, alizipokea. Zikitofautiana sana, wote wawili tulirudia.

"Jicho moja iko na tamaa," alisema. "Inaona ile inataka kuona. Jicho ya pili haina upendo."

Ndiyo sababu aliniita Jicho la Pili. Mkewe akalishika jina, watoto wakalishika, na hadi leo kuna watu wazima Kanyosha wanaonisalimia hivyo.

Kanuni hiyo aliipeleka kila mahali. Chumvi ya mchuzi ilionjwa na watu wawili. Saa aliwauliza wapita njia wawili, halafu akawagombanisha. Na katika mji ule wa uvumi, alipoambiwa wavamizi wanashuka milimani, hakukimbia hadi ampate shahidi wa pili. Mara nyingi ilimsaidia; majirani walirudi jioni na magodoro kichwani, wakamkuta kibarazani anasahihisha mitihani. Lakini siku moja wanawake wawili, mmoja kutoka juu na mmoja kutoka chini, walimwambia jambo lile lile. Mwalimu alifunga safari. Alichukua picha kwanza, watoto baadaye. Jambo hilo mkewe hajalisamehe. Walilala parokiani, na njiani godoro moja likapotea. Kesho yake ikajulikana kwamba wale wawili waliambiwa na muuza mawese mmoja, ambaye alisikia tairi la lori likipasuka.

Alirudi nyumbani akaandika kwa chaki ukutani, juu ya meza: *Mashahidi wawili wa chanzo kimoja ni shahidi mmoja.*

Mkewe alisoma, akasonya. "Na godoro moja ya kupotea ni godoro moja."

Nisije nikamfanya mtakatifu. Katika igisoro alikuwa mwizi aliyejulikana hadi sokoni. Alihamisha kete huku akikuuliza habari za mama yako. Mwanafunzi aliyenakili kwa mwenzake alipewa sifuri, na barua kwa wazazi, na mahubiri juu. Kisha jioni hiyo hiyo ungemkuta anaficha kete kwenye mkunjo wa suruali. Nilimwambia mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Akashangaa kweli. "Igisoro si sayansi, ni politike."

Na alikuwa hajui kuogopa pale inapofaa. Siku tuliyoirudisha picha kutoka shuleni, alikokuwa ameionyesha wanafunzi, tulisimamishwa kwenye bariyeri. Askari mmoja aliikunjua juu ya magunia ya mchanga. Akaona nukta nyeusi, akaona miraba. Uso wake ukakaza.

"Hii ramani ni ya nini?"

"Ni galaksi, afande," Mwalimu alisema.

"Galaksi iko mu provensi gani?"

"Haiko mu Burundi."

"Ah! Ni inchi ya inje!" Akawageukia wenzake. "Huyu muzee iko na ramani ya inchi ya inje!"

Mwalimu alinyoosha tai yake.

"Afande, hata ukitoka leo na gari ya mbio, hautafika."

"Juu ya nini? Barabara mbaya?"

"Barabara haiko."

"Na hizi nukta ni basoda ngapi? Askari wangapi?"

"Ndiyo ile tunatafuta," alisema Mwalimu, akatoa kioo mfukoni. "Weka ku jicho. Hesabu zile za moshi moshi, mu hii kare moja." Kidole chake kilielea juu ya mraba. " Zile kali acha."

Sijui kwa nini yule kijana alikubali. Labda hakuna aliyemwomba msaada wa akili tangu avae yale magwanda. Aliinama, bunduki mgongoni, midomo ikicheza. Baada ya muda mrefu akainuka.

"Makumi mbili na tatu."

Mwalimu alifungua daftari. "Mi nilipata makumi mbili na mbili. Afande, Jumamosi uko na nafasi?"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Tulipita. Njia nzima Mwalimu hakuzungumzia hatari. Alisikitika tu kwamba jeshi linakaa na macho mazuri vile bila kuyatumia.

Sasa nifike kwangu.

Safu nane za kwanza nilihesabu kwa haki. Mraba mmoja mzuri ulikula saa nzima, shingo ikaniuma, nikaona madoa hata kwenye ugali. Lakini nilihesabu. Safu ya tisa ndipo nilipoharibika.

Jumamosi hiyo risasi zililia milimani tangu saa saba mchana. Basi za kaskazini ziliondoka mapema kabla bariyeri hazijafungwa, na mbele yangu palikuwa na miraba mitano. Nikashusha kopo, nikasoma namba zake, nikaandika zangu: hapa nikaongeza moja, pale nikapunguza mbili, zisifanane mno. Nikakimbia. Ingekuwa mara ile tu, ningesema ni vita, na ungenionea huruma. Watu wa umri wangu tumezoea kuweka kila kitu mgongoni mwa vita. Ni mgongo mpana. Lakini Jumamosi iliyofuata hapakulia hata risasi moja. Palikuwa na jua zuri, na karibu na kituo cha basi palikuwa na kabare, baa ndogo ya makuti, ambako rafiki zangu walichoma mbuzi. Nikashusha kopo tena. Jumamosi ya kwanza ilikuwa vita. Ya pili ilikuwa mimi.

Nilifanya hivyo safu zote nane zilizobaki. Kwa sababu ya siku za mji kufungwa na wiki za kukosa basi, ilichukua zaidi ya mwaka. Nikawa fundi. Nilijua namba gani inahitaji kupunguzwa moja na ipi inapendeza ikiongezwa mbili. Mara moja moja nilijipangia kutofautiana sana, ili turudie, ili nionekane mtu wa kukosea kwa uaminifu. Maneno ya chaki yalikuwa mbele ya pua yangu wakati wote huo. Niliyasoma kama mtu anavyosoma "Usiteme mate" huku akitema.

Mwalimu alifurahi. "Unaona, Jicho la Pili? Tangu tulianza hatujasikilizana hivi! Sasa umekuwa muhesabuji." Aliwaambia walimu wenzake. Alimwambia paroko. Mimi na yeye hatukuwa wa upande mmoja, na aliyeishi Bujumbura miaka ile ataelewa bila mimi kuendelea. Mitaa yetu ilikuwa haitembeleani. Basi yeye alipita akisema kwamba mtu wa huku na mtu wa kule, wasioweza kunywa pamoja bila watu kugeuka, wametazama kitu kimoja na wamepata hesabu moja. Aliyekataa kugeuza galaksi kuwa fumbo alitugeuza sisi wawili kuwa fumbo. Nilimsikia akilisimulia, na niliendelea kula mkekani kwake.

Namba zenyewe zilikuwa zinashuka. Safu ya tisa ilikuwa na chache kuliko ya nane. Ya kumi na mbili chache zaidi. Ya kumi na sita ilikuwa karibu tupu. Mwalimu aliona jambo kubwa. Alisema kundi lile lina mlango mmoja tu, wa kaskazini. Vikundi vidogo vinaingilia huko, na kusini ni jangwa. Aliandika barua ndefu kwa rafiki wa padri. Chini yake alitia sentensi moja, akaipigia mstari: kila mraba umehesabiwa mara mbili, na watu wawili wasioonana.

Jibu lilichelewa miezi. Tulikuwa mkekani, sahani katikati, alipolifungua. Alitusomea, akitafsiri kutoka Kifaransa. Walimshukuru kwa adabu nyingi. Walisema kazi ya kaskazini ni nzuri sana. Lakini kusini, mashine yao inaona galaksi nyingi, na hata kikundi kizima pembeni. Pengine picha imefifia? Pengine mhesabuji alichoka? Wakamshauri kwa upole apime macho.

Akaweka barua chini, akacheka.

"Kupima macho! Kama ni mi peke yangu, sawa. Lakini macho ya watu wawili yanachoka kwa kipimo kimoja? Mi na huyu?" Akanigeukia. "We uliona ngapi kusini?"

Mdomo wangu ulijaa maharagwe. Ningeweza kumeza na kusema. Palikuwa na muda; mtu haulizwi na ukweli kila siku akiwa amekaa vizuri hivyo. Nilimeza nikasema:

"Chache, Mwalimu. Kama wewe."

"Unasikia?" alimwambia mkewe, na siku hiyo hiyo akaanza kuandika jibu la kujitetea. Macho hakuyapima.

Huko shuleni watu walianza kusema Mwalimu ameingiwa na kiburi, unamsalimia, anapita. Ikagundulika kwamba hapiti kila mtu, anapita wale tu walio kuliani kwake. Akamwaga chai kando ya kikombe. Mkewe akamkokota hospitali. Daktari alisema ni presha ya jicho, ugonjwa unaokula polepole bila maumivu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lingeokolewa kwa dawa. Sababu ya kuchelewa kujua ni kwamba katika mambo ya kawaida la kushoto lilimsaidia. La kulia lilifanya kazi peke yake mahali pamoja tu, kwenye kioo cha fundi saa.

Alinisimulia maabarani, na alisimulia kama kichekesho.

"Daktari anauliza: haukuona vitu vinapunguka? Mi namujibu: niliona, lakini mwenzangu pia aliona vinapunguka!"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikaendelea kusugua chupa ambayo ilikuwa safi. Tangu siku hiyo nilianza kukosa Jumamosi. Kwanza basi, halafu malaria, halafu shangazi wa Uvira ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kisha nikaacha kazi ya shule, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio Cibitoke. Miaka ikapita. Nilipomwona mjini kwa mbali nilivuka barabara upande wake wa kulia. Sina jambo ninaloliona baya zaidi ya hilo katika maisha yangu, na nimefanya mengine.

Vita ilipokuwa inazimika na basi zimeanza kutembea hadi jioni, mwanafunzi wake wa zamani alipita kibandani na ujumbe: Mwalimu anastaafu, anataka kutuma barua ya mwisho Ulaya kuhusu jangwa la kusini, na anahitaji sahihi yangu.

Nilikwenda. Njiani nilijiambia kwamba sahihi ni wino tu.

Mkewe alikuwa kibarazani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinitazama toka viatu hadi kichwa. "Kumbe uko muzima. Tulizani umekufa, hata tulikuombea." Ndani, meza ilikuwa ile ile, na picha juu yake, kingo zimekuwa njano. Mwalimu alikuwa amekonda. Alinipa mkono, kisha akageuza kichwa ili jicho la kushoto linione vizuri.

"Jicho la Pili! Umezeeka vibaya. Kaa. Mi nimeandika yote. Wao wako na mashine, lakini mashine ni jicho moja. Sisi tulikuwa wawili." Akasogeza karatasi, akaniwekea kalamu mkononi. "Tia sinyatire hapa. Jina lote, na kartie yako pia. Nataka wajue ulitoka wapi."

Jina langu lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mwandiko wake mzuri, chini ya lake. Niliweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Ikatoa nukta. Nikaitazama nukta ile, nikashindwa kuivuta.

"Mwalimu, kusini sikuhesabu."

"Namna gani?"

"Nilifungua kopo. Nilinakili za kwako."

Kinu kikanyamaza kibarazani.

"Tangu safu ya ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Ya tisa."

"Kare zote?"

"Zote."

"Ulikuwa unaongeza ao unapunguza?"

"Nilichanganya. Moja juu, mbili chini."

Mkono wa Mwalimu ulipanda wenyewe, ukagusa kope ya jicho la kulia, ukashuka. Nilijua anahesabu: mwaka wa safu ya tisa, mwaka wa barua, mwaka wa daktari. Hakuwa mtu wa kushindwa hesabu ya namna hiyo.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mchi bado mkononi.

"Muzee, mufukuze."

"Nikimufukuza, nani atahesabu?"

"Achana na ile makaratasi! Jicho yako, Muzee! Jicho!"

"Nimesikia, Mama." Ndipo akanigeukia mimi. "Sikia. Mi sijakusamehe. Pengine kesho, pengine apana, usiniulize. Jicho haitarudi. Safu munane zinaweza kurudi."

Alichukua barua akaikunja mara mbili, akaichana, akaweka vipande mfukoni mwa shati ili visichafue meza. Kisha akanisukumia kioo.

"Mama atahesabu asubuhi, we muchana. Karatasi yake atalala nayo. Yeye hakupendi, hatakusaidia kitu."

"Mi sijui galaksi," alisema mkewe.

"Umezifutia vumbi miaka kumi. Unazijua kuliko sisi."

Nilivaa miwani yangu, nikaivua, nikabana kioo kwenye jicho. Safu ya tisa, mraba wa kwanza. Katika kumbukumbu zetu mraba ule ulikuwa na tisa kwake na kumi kwangu. Mwanzoni niliona weupe tu. Kisha, polepole, yakaanza kutokea, madoa ya majivu, moja nyuma ya lingine, yamesimama pembeni mwa kundi kama watu wanaosubiri kukaribishwa. Nilihesabu kwa sauti, kama mtoto. Mwalimu alikaa kushotoni kwangu, daftari magotini.

"Kumi na saba," nilisema.

Hakuandika.

"Rudia."

Nikarudia kutoka kona ya juu. Jasho liliingia kwenye kioo, nikafuta, nikaanza tena. Mkewe alikuwa bado mlangoni.

"Kumi na nane," nilisema, na nikaona aibu kwamba hazilingani.

Ndipo alipochukua kalamu.